Bado siku tisa shule zifunguliwe

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mafua yamepita, ni kikohozi tu cha kitinda mimba kinachojivutavuta. Najua nimekunyamazia tangu ule ujumbe wako wa mwezi wa kumi, na najua ukiona mwandiko wangu utasema, "Huyo kaja, ana shida." Basi ndiyo, nina shida. Nataka sheria za ule mchezo wa karata tuliokuwa tukicheza bwenini taa zikishazimwa. Ule ambao Bibi Funguo alitunyang'anya karata mara tatu, na mara tatu ukazuka na karata nyingine, mpaka leo hujaniambia ulizitoa wapi. Nakumbuka kugawa saba saba. Nakumbuka anayebaki na malkia wa shupaza ndiye anayetandika vitanda asubuhi. Hapo katikati pote pametoboka.

Watoto wako nyumbani, somo. Likizo ya wiki mbili, leo siku ya tano.

Si unanijua na ratiba. Nilipiga mistari kwa rula, nikapaka rangi: saa tatu kuchora, saa nne kusoma, saa tano viungo, mpaka jioni kila saa na kazi yake. Kuchora kuliisha kwa dakika kumi na mbili, nilitazama saa. Kufika saa tano nilikuwa nimeshatumia shughuli za siku nzima na nimeanza kula za kesho. Siku ya pili wa kati aliibandua ukutani, akaigeuza, akachora farasi nyuma yake. Farasi mwenyewe mzuri, sikusema kitu.

Kutoka nje nako usiniambie. Makoti matatu, soksi mbili mbili, kofia, glavu sita ambazo siku zote ni tano, nusu saa nzima jasho linanitoka ndani ya nyumba, na mlango ukifunguliwa tu kitinda mimba anasema, "Mama, mkojo." Tunavua. Tukimaliza kuvaa tena hamu imewatoka, na saa kumi jioni giza limeshaingia. Siku ya tatu nikawapa simu. Mimi niliyekuhubiria wewe mwaka juzi. Usinicheke, au cheka lakini nisisikie.

Sasa ngoja nikupe kisa cha jana, maana karata nazitaka kwa sababu ya kisa hiki.

Nimekaa nakunja nguo, mkubwa kaja na kipande cha karatasi. "Mama, naweza kuikunja mara kumi." Bila kuinua macho nikamwambia haiwezekani, mwisho saba. Unakumbuka nani alitufundisha hilo? Yule yule wa kurusha chaki. Basi mtoto akaanza. Mara ya tano sawa, ya sita imekuwa kama kijiti, ya saba anaikandamiza kwa goti huku kajing'ata ulimi. Wa kati akaleta gazeti zima akidhani ukubwa utasaidia. Likagoma pale pale. Nikawaeleza: kila ukikunja, unene unajidabali. Mbili, nne, nane, kumi na sita, na mkunjo wa saba umeshafika matabaka 128. Karatasi ya daftari ni kama sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo mkononi una kitu cha milimita 13, unene wa kidole, na kidogo mno hata kukishika. Nikajiona mwalimu.

Wa kati hakunyamaza. Alichukua kalamu akaendelea kuzidisha kwa mbili, pembeni ya farasi wake, mpaka akaniambia kwamba karatasi ingekubali kukunjwa mara 42 ingepita mwezi. Nikamwambia kakosea. Akaninyooshea karatasi. Tukahesabu pamoja, mimi kwa kalkuleta yeye kwa mkono, na, somo, hakukosea: inakuja kilomita zaidi ya 439,000, na mwezi uko wastani wa 384,400. Miaka tisa huyo. Nilitaka kukupigia saa ile ile.

Kosa langu lilifuata. Kutaka kuufunga ubishi, nikatafuta kwenye intaneti, nikakuta kwamba mwaka 2002 mwanafunzi wa sekondari kule California, Britney Gallivan, aliikunja karatasi mara 12. Na alitumia karatasi ya chooni, ndefu kama kilomita 1.2. Haya yote niliyasoma kwa sauti. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilipogeuka, roli lilikuwa limeshatoka chooni. Walilitandaza kuanzia mlango wa mbele, likapita koridoni, sebuleni, chini ya meza, likazunguka kiti cha baba yao, likaingia chumba chao. Kitinda mimba akapewa ulinzi: anatembea pembeni yake kapanua mikono, anamfokea kila mtu asikanyage, na mtu mwenyewe ni mimi peke yangu. Mkubwa akashika ncha moja akairudisha taratibu juu ya mwenzake, wa kati anafuata kwa magoti analainisha kwa kiganja. Ilikatika mara nne kwenye vile vitundu, wakaunga kwa tepu. Nikakatazwa hata kufungua mlango, eti upepo.

Wako mkunjo wa nane, nyumba kimya kama watu wanategua bomu, mara sauti nyonge kutoka chooni: "Jamani, karatasi iko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Akarudia. Kitinda mimba ndiye aliyekwenda mlangoni kumwambia, kwa upole kabisa, "Subiri baba, imebaki kidogo."

Walifika tisa. Ya tisa mkubwa aliikalia, na tukakubaliana kuihesabu ingawa alipoinuka ilijifungua. Muda wa saa mbili na nusu, somo! Nilikunywa chai ikiwa bado moto, mara ya kwanza tangu shule zifungwe. Wala simu hakuna aliyeiulizia.

Tatizo ni kwamba sasa wanataka kumi. Na hesabu yake si ya mchezo: kila mkunjo mmoja wa ziada unadai karatasi ndefu karibu mara nne ya ile ya mkunjo uliotangulia. Roli moja limewapa tisa, basi kumi ni maroli manne, kumi na moja ni kumi na sita. Wa kati ameshapiga hesabu hiyo na ameibandika ukutani, mahali ilipokuwa ratiba yangu. Mimi nimehamishia maroli yote juu ya kabati la nguo na ninayatoa kwa kipimo, kama Bibi Funguo na sukari yake. Baba yao hanisemeshi vizuri.

Leo asubuhi nilijaribu hema: shuka juu ya meza, tochi, vivuli vya mikono ukutani. Ilikwenda kiasi. Ila mimi najua mbwa tu. Mbwa anabweka, mbwa analala, mbwa anageuka upande wa pili, basi. Wakaniuliza kwa nini sijui wanyama wengine, nikawaambia aliyejua ni wewe.

Kwa hiyo karata. Tukishagawa saba saba, nani anaanza? Yule mwenye namba ndogo au wa kulia kwa mgawaji? Kulikuwa na kunyamaza mtu akitoa mzungu, ile karata ya picha, au hilo tulilizusha kwa kumwogopa Bibi Funguo? Wanne tunatosha au lazima tuwe sita? Na yule sungura wa kivuli, kidole gumba kilikuwa ndani au nje? Mama goti lake vipi, ameanza kupanda ngazi? Kibonge alirudisha zile pesa au ndiyo basi tena? Na wako wanafanya nini muda huu, maana haiwezekani uwe kimya hivyo kama hawajavunja kitu?

Niandikie upesi, hata kama ni sheria nusu, nyingine tutazusha. Nakomea hapa, nasikia mlango wa kabati unafunguliwa.

Wako,
Somo mwenzio