Barua ya wazi kwa madaktari mnaoanza ubingwa wa patholojia

Wanangu,

Mmechagua kazi ya kusoma ugonjwa kwenye tishu, ambayo wagonjwa wake wengi hawatawajua hata kwa sura. Uzito wake ni uleule. Mkiandika neno "saratani", titi litakatwa na dawa kali zitaanza kuingia mshipani.

Anayeanza kazi hii hukimbilia hadubini. Nawasihi muanze na kopo la kinyama, yaani kipande kilichotolewa mwilini ili kipimwe, kwa sababu makosa yasiyorekebishika hutokea kabla slaidi, kile kioo chenye mkato wa tishu, haijafika mezani kwenu.

Kinyama kikishatoka mwilini, seli zake huanza kujila zenyewe. Formalini, dawa ya maji ya kuhifadhia tishu, ndiyo inayozuia uharibifu huo. Ile tunayoiita ya asilimia 10 ni sehemu 1 ya formalini kali kwa sehemu 9 za maji, pamoja na chumvi za fosfeti za kuizuia isigeuke asidi. Chumvi zikisahaulika, asidi hukutana na damu na kuacha chembechembe za kahawia-nyeusi kwenye slaidi. Asiyezijua atadhani ni rangi ya vimelea vya malaria.

Formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Hupenya polepole, kiasi cha milimita 1 kwa saa, na kasi hiyo hupungua kadiri inavyozama. Sasa chukueni titi zima lililotumbukizwa kwenye ndoo Ijumaa jioni bila kupasuliwa. Jumatatu mtakuta nje pamekakamaa na kuwa kijivu, huku uvimbe wa ndani ungali mwekundu, unateleza na kunuka. Kipimo cha vipokezi vya homoni (protini za seli zinazopokea homoni) kinaweza kutoka hasi kwa sababu tu protini zimeharibika, na mama huyo akakosa dawa ambayo ingemfaa. Titi lipasuliwe vipande vya milimita 5 hadi 10 na kuingia kwenye formalini ndani ya saa 1 tangu litolewe, likae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72.

Si kila kinyama ni cha formalini. Cha figo kigawanywe, sehemu moja ibaki bila formalini kwa ajili ya kipimo cha kingamwili zinazong'aa. Fuwele za jongo huyeyuka kwenye maji, basi ziletwe kwenye alkoholi isiyochanganywa na maji. Tezi inayoshukiwa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ije mbichi na ije haraka. Haya wafundisheni manesi wa chumba cha upasuaji, kwa upole na kila mara, maana watu hubadilishwa zamu. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye kopo lenyewe, vifuniko hubadilishana. Fomu ikisema "uvimbe" tu, pigeni simu. Uvimbe wa mfupa msiusome kamwe bila kuiona picha ya eksirei.

Kwenye meza ya kukatia, msiwe na haraka. Kingo za kinyama zipakwe wino ili zitambulike kwenye hadubini, na wino ukauke kabla kisu hakijagusa. Ukiwa mbichi hutiririka hadi ndani ya mkato, nanyi mtaripoti kwamba saratani imefika ukingoni kumbe ni wino ulioifuata. Kipande cha kaseti, kile kijisanduku cha plastiki cha kuandalia tishu, kisizidi unene wa milimita 3 au 4. Kaseti iliyoshindiliwa haipitishi alkoholi wala nta, na mkato wake utachanika.

Utumbo mpana wenye saratani unadai tezi za limfu 12 au zaidi. Kisu peke yake hakitazipata. Minyeni mafuta kwa vidole, kipande kwa kipande, mpaka msikie kitu kigumu kinachoponyoka chini ya kidole. Nyingi hazifiki milimita 5, na hizo ndogo hubeba saratani sawa na kubwa. Mkiishia kwenye 7 kwa uchovu, mgonjwa wa hatua ya 3, ambaye saratani yake imeshafika kwenye tezi, anaweza kuandikwa yuko hatua ya 2. Na mvuke wa formalini nao husababisha saratani, basi kateni kwenye meza yenye feni ya kuuvuta.

Kaeni pia na fundi wa mikrotomu, mashine ya kukata tishu nyembamba sana, mjifunze macho yake. Mkato wa mikroni 3 hadi 5 hutandazwa kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45, na humo kijipande cha mgonjwa mmoja huweza kudandia slaidi ya mwingine. Mkiona saratani imekaa peke yake, haifanani na tishu iliyo jirani na haionekani vizuri kwenye fokasi ileile, msiandike kitu. Rudini kwenye bloku, ile nta iliyobeba kinyama, agizeni mkato mpya.

Kinyama cha kugandisha, kile ambacho daktari wa upasuaji hukisubiri mgonjwa akiwa mezani, kifanywe pale tu jibu lake litakapobadilisha upasuaji wenyewe. Barafu hutoboa seli, na mafuta hayagandi vizuri kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mkiwa na shaka, semeni asubiri mkato wa nta. Atakasirika, mwacheni akasirike.

Kuhusu ripoti, nina ombi moja zito. Kikija kinyama chenye mafuta matupu ilhali picha inaonyesha uvimbe wa sentimita 3, msiandike "hakuna saratani" mkanyamaza. Andikeni kwamba kilicholetwa hakielezi uvimbe ule, na kwamba kirudiwe. Shaka yenu iandikwe waziwazi, kwa sentensi fupi, na slaidi ngumu isomwe na mwenzenu kabla hamjatia sahihi. Saratani ambayo daktari hakuitarajia msiiachie karatasi iliyo kwenye foleni. Mpigieni simu siku hiyohiyo, kisha andikeni ndani ya ripoti mmezungumza na nani na ilikuwa saa ngapi.

Ni mimi, mzee wenu wa maabara.