Kabla ya kulisugua ganda la mzinga, lipindue usome kitako

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu vitu vya kale vinavyouzwa hapa Nairobi niliisoma hadi mwisho, kisha nikairudia ile picha ya ganda la mzinga, yaani lile kopo la brasi la kutilia baruti. Chini yake mliandika kwamba ni ganda la manowari ya Kijerumani Königsberg ya Vita Kuu ya Kwanza, na bei mkaitaja. Ganda lenyewe limepigwa picha likiwa wima, limesuguliwa mpaka likang'aa kama jino la dhahabu. Kitako hakionekani. Mdomo haukupimwa. Sasa huyo msomaji wenu atakayekwenda kulinunua atajuaje anachonunua?

Mimi nilikuwa mkereza vyuma katika karakana ya reli, na tangu nistaafu watu huniletea maganda haya hapa Makongeni niwaambie ni ya mzinga gani. Wako wakusanyaji wa kweli, wenye madaftari na subira. Wako pia wauzaji ambao jibu wanalo tayari mfukoni na wanachotaka kwangu ni nitikise kichwa kukubali tu. Jina wanalolitaka ni moja. Lau kila ganda linaloitwa la Königsberg hapa mjini lingekuwa lake kweli, meli ile ingezama kwa uzito kabla ya kuuona mto Rufiji.

Basi tuanze na kipimo, maana kipimo hakibembelezi mtu. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Waingereza walipoitwanga kwa meli zao Severn na Mersey tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani wenyewe waliizamisha humo deltani, halafu wakaifungua mizinga, wakaipeleka Dar es Salaam na kuikarabati katika karakana ya reli huko ili ivutwe nchi kavu. Walikuwa mafundi wa reli kama mimi, na kazi yao naiheshimu hata kama waliifanyia upande mwingine. Kwa hiyo mdomo wa ganda lake lazima ukaribie milimita 105. Ganda ninaloletewa mara nyingi kwa jina hilo lina mdomo wa milimita 84 na urefu wa milimita 295. Hilo ni la Mwingereza, la mzinga wa ratili 18 (ndio uzito wa kombora lake) ulioingia jeshini mwaka 1904, na maganda yake yalitengenezwa kwa mamilioni. Ni kitu kizuri, lakini si adimu.

Ugumu wa kweli uko kwa Pegasus, meli ya Waingereza iliyozamishwa na hiyohiyo Königsberg pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mizinga yake ilikuwa ya inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti na ya Mjerumani haifiki milimita 4. Hapo rula ya mtoto wa shule haifai, na mdomo uliopondeka kidogo unaweza kukudanganya. Tumia kalipa, ile koleo ya kupimia kipenyo, pima mara kadhaa ukiuzunguka mdomo, kisha pindua ganda.

Kitakoni ndiko kuna habari. Kwenye la ratili 18 utakuta mshale mpana wa serikali ya Uingereza, namba ya mzinga, namba ya Kirumi ya toleo, herufi za kiwanda, namba ya fungu na mwaka. Utakuta pia herufi CF, maana yake lilijazwa kodaiti, baruti ya Waingereza, kipimo kamili. Ganda halikutupwa baada ya kufyatuliwa mara moja. Lilirudishwa kiwandani, likanyooshwa, likajazwa tena na kugongwa CF nyingine. Lililogongwa herufi hizo mara nyingi, zikakatwa kwa mistari na kugongwa tena pembeni mpaka nafasi ikawa finyu, mimi nalithamini kuliko jipya lililogongwa mara moja. Muuzaji huona kitako kilichochakaa, akakitia kwenye jiwe la kunolea kikawa laini. Historia yote ya kitu kile inabaki kuwa vumbi sakafuni, naye anaongeza bei.

Huo mwaka nao una kazi yake. Kuna ganda niliwahi kuletewa kwa kiapo kwamba liliokotwa Salaita, kule Taveta, mahali ambapo wanajeshi wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916. Kitako kilisema 1917. Nilimwomba mwenye mali asome kwa sauti. Alisoma, akakaa kimya, akaniuliza kama inawezekana walikosea kugonga.

Kwa maganda ya Kijerumani hesabu ni kali zaidi. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, lilikuwa limezibiwa bahari. Meli za shehena zilizopenya zilikuwa mbili: Rubens mwaka 1915, iliyofika ghuba ya Manza karibu na Tanga, na Marie, iliyotia nanga Sudi, kusini, Machi 1916. Ile ndege kubwa ya gesi, L 59, iliyotumwa Novemba 1917 iligeuza njiani. Basi ukiona kitako chenye alama ya viwanda vya Ujerumani, cha Karlsruhe au cha Polte wa Magdeburg, chenye mwezi na mwaka baada ya Machi 1916, ujue halikupigwa katika vita vya huku hata kidogo. Lilipigwa Ulaya, likaja baadaye.

Lilikujaje? Mawazo yangu ni haya. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa askari waliotoka vitani, na askari wale walikuja na masanduku yao. Ndani mlikuwa na maganda yaliyogeuzwa kuwa vyombo vya maua, ya kuwekea miavuli, ya kupiga kengele ya chakula. Nimeona moja lililochorwa majani vizuri sana, na katikati ya majani limeandikwa Ypres, mji wa Ubelgiji. Lilikuwa likiuzwa kama kumbukumbu ya Voi.

Sasa niseme juu ya yale yasiyo ya kawaida, maana hayo ndiyo yanayopotea. Waingereza walipohitaji mzinga wa kutungua ndege walichukua ganda la ratili 18 wakalibana shingo, ili lishike kombora la ratili 13 lenye kipenyo cha inchi 3. Kitako kinabaki kipana kilekile, lakini juu mdomo ni milimita 76. Mwenye duka la vyuma chakavu akiliona hudhani limeminywa na gari, akaliuza kwa kilo kwa wayeyushaji brasi. Kuna kijana alinijia na moja akitaka niutanue mdomo kwenye kerezo ufanane na wenzake. Nilimwonyesha bega lake: limeteremka sawasawa pande zote, bila alama ya nyundo, bila mkunjo. Kazi ile ni ya kalibu ya kiwandani. Chuma kilichominywa kwa bahati mbaya hakiwi duara.

Mengine ni ya mafunzo, ambayo askari walijifunzia kupakia mzinga bila baruti. Hayo hutobolewa matundu ubavuni. Wauzaji huyaziba kwa risasi ya kuyeyusha ili yaonekane mazima, wasijue kwamba tundu ndilo lililokuwa na bei. Tundu la zamani lina rangi moja na ganda, na kingo zake zimelainika. La juzi huwa linang'aa ndani na lina makombo ya keekee. Na tundu la ganda halisemi lolote kuhusu kombora lililochomekwa juu yake. Hilo nitalirudia.

Kuna pia ubishi wa mizinga ya milimani ya Wahindi, ile ya ratili 10 iliyofunguliwa vipande na kubebwa na nyumbu. Nimewahi kuonyeshwa "ganda la brasi" la mzinga huo, na cheti kimeandikwa kwa mkono. Mzinga ule haukuwa na ganda la brasi. Baruti yake ilikuwa kwenye mfuko wa kitambaa, ikawashwa kwa kijibomba kidogo. Cheti kilikuwa na mwandiko mzuri.

Fyuzi, vile viwashio vya nchani mwa kombora, nazo zina wateja wake. Namba 80 ya Waingereza, ile yenye pete zilizogongwa tarakimu kutoka 0 hadi 22, huuzwa kama saa ya meli au dira. Tarakimu zile ni za kutegea muda wa kombora kupasuka hewani, na 22 ndio mwisho wake. Baadhi ya zile za mwanzo zina herufi KPz 96/04, kwa sababu Waingereza waliitengeneza kwa hataza ya Krupp, Mjerumani huyohuyo waliyekuja kupigana naye. Zenye herufi hizo ndizo mkusanyaji anazitafuta. Lakini fyuzi ina baruti yake na kiwashio chake, kwa hiyo mimi siishiki mpaka nione imefunguliwa na ndani ni tupu.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, Bwana Mhariri, kwa sababu makala yenu haikugusa jambo hili hata kwa sentensi moja. Ganda tupu lililo wazi juu, unaona ndani mpaka kwenye fataki ya kuwashia iliyo kitakoni, na fataki imetoboka au imetolewa, hilo halina ubishi. Kombora lililofungwa ni jambo jingine kabisa. Watu huniambia halina kitu kwa sababu limekaa shambani miaka 100. Kombora la lidaiti, kilipuzi cha Waingereza, lina asidi ya pikriki, na asidi hiyo ikikaa na madini kama risasi au kopa (shaba nyekundu) huzaa chumvi zinazolipuka kwa kuguswa tu. Uzee unaliharibia tabia. Rangi haitakuokoa: lidaiti ilipakwa manjano na shrapneli, kombora lililojazwa gololi, ilikuwa nyeusi yenye wekundu karibu na ncha, lakini baada ya mvua za miaka yote hiyo vyote ni kutu.

Tazama kwa mbali ule mkanda wa kopa karibu na kitako cha kombora. Ukiwa laini, halikufyatuliwa. Ukiwa na mikwaruzo ya mshazari, lilipita kwenye mtutu, na kama bado ni zima basi lilitakiwa kupasuka likakataa. Hilo ndilo baya kuliko yote. Kombora la shrapneli lililokwisha kumwaga gololi zake unalijua, ni mtungi wa chuma ulio wazi juu. Mengine yote yaache palepale, waondoe watoto, pigia polisi 999. Usiniletee Makongeni, wala usimpelekee kijana wa soko la Gikomba mwenye msumeno wa umeme. Wenzetu wa Dol Dol na Archers Post waliumizwa na mabaki ya mazoezi ya jeshi la Uingereza, na mwaka 2002 watu 228 walilipwa paundi milioni 4.5. Mabaki yale yalikuwa ya juzi tu ukiyalinganisha na haya ya kina Salaita.

Kisheria kitu hiki kimeanguka kwenye ufa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Ganda la 1915 limepitwa kwa miaka 20, na wauzaji wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyojua kusoma kitako. Sitaki serikali iwanyang'anye watu vyombo vyao vya maua. Ombi langu kwa Makumbusho ni dogo. Pale Fort Jesus, Mombasa, mzinga wa Königsberg na wa Pegasus ipo yote miwili. Wekeni kando yake ubao wenye picha za vitako na vipimo vya midomo, na mwingine kama huo hapa Nairobi, ili mtu afike na ganda lake na kalipa yake, ajipimie mwenyewe bila kunitafuta mimi.

Na kwenu wa gazeti: yule muuzaji wenu akikubali, chapisheni picha ya kitako. Nitawaambia ni la mzinga gani bila malipo, hata kama ni la Königsberg kweli.

Wenu,
Mkereza mstaafu,
Makongeni, Nairobi