Risala ya Kilabu cha Kemia kwa Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa Daktari, mgeni wetu wa heshima, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru, Daktari, kwa kuwaacha wagonjwa wako na kuja kukaa nasi leo.

Mada yetu ni jinsi vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) vikibebwa na chembe ndogo mno vinavyoweza kusaidia kutibu saratani. Umejionea mfano hapo mezani. Ini la ng'ombe kutoka soko la Kenya, hapa Lubumbashi, lilipotiwa katika maji ya oksijeni (peroksidi ya hidrojeni) ya duka la dawa, povu lilifurika hadi kwenye daftari la Bwana Prefe (tunaomba radhi). Kijiti chenye kaa kilipoingizwa, kikawaka tena. Hiyo ni kazi ya katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi ya hidrojeni kuwa maji na oksijeni. Katikati ya uvimbe wa saratani oksijeni mara nyingi huwa haba, na hapo tiba ya mionzi hupungua nguvu. Kwa hiyo watafiti hufungasha katalasi ndani ya chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ili oksijeni itoke mlemle ndani ya uvimbe.

Kimeng'enya kingine, glukosi oksidasi, huinyima saratani sukari inayoitegemea mno, kisha huacha asidi na peroksidi. Peroksidi ikikutana na chembe za chuma au shaba, huzaa radikali, yaani molekuli zenye ukali wa kushambulia nyingine, zinazoua seli. Njaa na sumu kwa mkupuo mmoja! Nasi watoto wa Katanga tulidhani shaba ni ya nyaya tu. Lakini kimeng'enya hicho kikiachiwa kwenye damu, kitakula sukari ya mwili mzima. Ndiyo maana lazima kibebwe kimefungwa hadi kifike kwenye uvimbe. Mwaka 2007 watafiti wa China walionyesha kuwa hata chembe za oksidi ya chuma zenyewe hufanya kazi kama kimeng'enya.

Hatudanganyi wazazi: sehemu kubwa ya michanganyiko hii bado inajaribiwa kwa panya. Kilichokwisha kufika wodini ni kila kimoja kivyake, kimeng'enya peke yake na dawa iliyofungashwa peke yake. Asparajinesi, ambayo ni kimeng'enya, hutibu leukemia (saratani ya damu) ya watoto pamoja na dawa nyingine; na doksorubisini, dawa ya saratani, iliyofungwa katika vifuko vya mafuta iliidhinishwa Marekani mwaka 1995.

Maombi yetu ni mawili. Hadubini yetu ina lenzi iliyopasuka, tunaomba nyingine, hata iliyotumika. Pia wanafunzi wa mwaka wa sita wa biolojia na kemia waruhusiwe kuingia maabara ya hospitali yako, waone seli za saratani kwa macho yao kabla ya mtihani wa taifa.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, Kilabu cha Kemia.