Asante fundi wa Kisongo

Fundi, hukutaka jina lako litajwe, sitalitaja. Lakini siwezi kukaa kimya.

Mimi na shemeji yangu tulikuwa tumebakiza siku mbili kulipa malipo ya awali ya ndege ndogo, Cessna 172 iliyotumika, ya mwaka 1974. Rangi mpya, viti vipya. Dalali alirudia mara tatu kwamba injini "imeongezewa nguvu", nasi kwa ujinga wetu tukaona ni bahati.

Wewe ulikuwa umemaliza kazi, umeshanawa mikono. Ukarudi. Ulianza na daftari la injini, si injini yenyewe, ukalisoma ukurasa kwa ukurasa kwa karibu saa mbili. Kisha ukafungua kava, ukapiga tochi, ukatulinganishia namba ya kabureta na ile iliyoidhinishwa kwa injini ile ya Lycoming: hazikufanana. Bomba la moshi lilichomelewa upya, na daftarini hakuna hata mstari mmoja. Ukamwuliza muuzaji swali moja tu: "Karatasi ya idhini ya mabadiliko haya iko wapi?" Akaanza kutafuta simu yake.

Ukatueleza bila kutucheka kwamba ndege iliyobadilishwa bila idhini haistahili kuruka hata kama inaruka vizuri, na bima ina sababu ya kukataa kulipa.

Ulikataa pesa, ukakubali chai na chapati mbili.

Wenzangu mnaotafuta ndege ya mkononi, tangulizeni fundi asiyelipwa na muuzaji. Na nyie mafundi, mkiona mtu anaingia shimoni, msemesheni.