Kipimo cha mkeka kilitangulia kiwanda

Mhariri,

Nimeyasoma kwa furaha makala yenu kuhusu nyumba zinazotengenezwa vipande vipande kiwandani na kuunganishwa kiwanjani. Hata hivyo, yaliwasifu wahandisi wa Ulaya na Marekani, Japani ikaambulia sentensi moja. Naomba nafasi, maana maseremala wa Japani walikuwa na msingi wa ujenzi huu kabla nchi yao haijawa na viwanda.

Chukueni tatami, mkeka mnene ambao urefu wake ni mara mbili ya upana, takriban sentimita 180 kwa 90. Mpaka leo chumba hutajwa kwa hesabu yake: cha mikeka 4 na nusu, cha 6, cha 8. Osaka, enzi za Tokugawa, ukoo wa kijeshi ulioitawala Japani kabla ya viwanda, vyumba vilipimwa kwa kuufuata mkeka wenyewe. Mwenye nyumba aliweza kupangisha nyumba tupu, mpangaji akaja na mikeka yake na milango yake ya kusukuma. Akihama alivibeba, na huko aendako viliingia bila kukatwa. Huo ndio usanifu wa vipande, na ulifanywa kwa mikono.

Seremala naye alichonga karakanani ndimi na matundu ya kuunganishia nguzo na mihimili, akatia kila kipande alama, ndipo fremu ikapelekwa kusimamishwa, mara nyingi kwa siku moja.

Walter Gropius, msanifu majengo Mjerumani aliyekwisha kuhangaika na nyumba za vipande huko Marekani pamoja na msanifu mwenzake Konrad Wachsmann, alizuru Japani mwaka 1954 na kuvutiwa mno na kasri la Katsura, Kyoto. Mwaka 1959 kampuni ya Daiwa House ikatoa Midget House, chumba cha bustanini kilichounganishwa kwa saa 3. Mafundi na wateja walikuwa wameshazoea kujenga kwa kipimo kimoja.

Linaloniuma ni kwamba kipimo kilirithiwa, ukarabati ukasahaulika. Katika nyumba ya zamani, karatasi ya shoji, mlango wa fremu ya mbao iliyobandikwa karatasi, ikichanika hubandikwa nyingine. Uso wa tatami ukichakaa hugeuzwa, baadaye huvalishwa mpya. Ukuta hauguswi. Sasa tazameni jengo la Nakagin la msanifu Kisho Kurokawa, lililokamilika Tokyo mwaka 1972 likiwa na vyumba 140 vya kiwandani vilivyokusudiwa kubadilishwa kila baada ya miaka 25. Hakikubadilishwa hata kimoja. Kukitoa cha chini kulidai kwanza kuvitoa vilivyo juu yake, na mwaka 2022 jengo lote likabomolewa.

Mkiirudia mada hii, tafadhali waulizeni wauzaji wa nyumba hizi: sehemu moja ikioza, itatolewaje peke yake, na kipimo chake kitapatikana kwa fundi mwingine au kwao tu?

Msomaji wenu,
Tanga