Koti elfu 15, kulipunguza elfu 30, nimekuibia?

Juzi kaka mmoja katoka hapa kwangu Mwanjelwa, Mbeya, kanuna kabisa, anasema fundi una njaa. Koti la suti kalipata kwenye mtumba elfu 15, mimi namwambia kupunguza mabega ni elfu 30. Hilo lalamiko nimelisikia mno mwaka huu, sasa ngoja niliseme hapa.

Bega ndo koti lenyewe. Ukitaka nipunguze bega nafumua mkono wote, nafumua bitana, natoa pedi ya begani, nakata upya duara la kwapa halafu narudisha mkono uning'inie bila kujikunja, hiyo ni siku nzima cherehani na pasi, na pasi yenyewe ya taratibu maana ukiharakisha kitambaa kinang'aa. Kiuno nakubania kwa elfu 8 tu. Mkono kufupisha nao hausumbui, ila vifungo vya mkononi vikiwa na matundu ya kweli kazi inabidi ianzie juu begani.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiwa sokoni usianze na rangi. Livae, simama ubavu na ukuta, egemea. Pedi ikibonyea ukutani kabla bega lako halijafika, liache hapohapo hata kama wanakupa kwa elfu 5.

Kinachoniuma ni ile ya "nibanie tu pembeni". Bwana harusi mmoja wa Tukuyu aliniletea koti Alhamisi, harusi Jumamosi, kuna mtu kalibana ubavuni inchi mbili kila upande, mifuko imehamia karibu na mgongo na kitambaa cha ziada kashakikata, yaani hakuna cha kurudishia. Nililigeuza nje ndani nikakosa pa kushika. Kaoa na koti la shemeji yake.

Na likikutosha livae vizuri basi. Ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma ni wa kiwandani, ukate, nimeona mshenga mzima kasimama nao ukumbini. Lebo ya mkononi itoe. La vifungo viwili funga cha juu, cha chini kiache, ukikaa fungua vyote. Shati lichungulie mkononi kama sentimita moja hivi.

Ukija kupima njoo na shati utakalovaa siku hiyo, na kama shughuli ni Juni au Julai na baridi hii yetu utavaa sweta ndani, njoo nayo, nisipime mwili mtupu halafu useme nimekubana.