Kesi kubwa za rushwa hukwama kabla ya kumfikia jaji

Ndugu Mhariri,

Kila ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapowasilishwa bungeni hapa Dodoma, lawama za kesi za vigogo kuchelewa huwaangukia majaji. Nyingi zinabisha mlango usio wenyewe.

Kesi kubwa ya uhujumu uchumi huanzia kwa hakimu mkazi, ambaye hana mamlaka ya kuisikiliza bila hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Ndiyo maana mshtakiwa haruhusiwi kujibu chochote. Shauri linatajwa, Wakili wa Serikali anasimama: “Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine.” Dakika chache tu, mshtakiwa anarudishwa mahabusu kwa wiki mbili. Kwa mwendo huo, miaka minne ni kutajwa karibu mara 100 bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani. Divisheni ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa 2016 kwa ajili ya kesi hizi hizi, inasubiri jalada.

Jalada nalo limekwama kwenye nyaraka. Taarifa za benki za nje huombwa serikali kwa serikali. Kuna ukaguzi maalumu, kuna ripoti ya mtaalamu wa maandishi, halafu ridhaa ya Mkurugenzi. Huku nyuma mhasibu aliyetegemewa kuwa shahidi ameshahamishwa au amestaafu, na muhtasari halisi wa kikao cha zabuni haujulikani uko kabati gani. Kielelezo kisichoonyesha nani alikipokea na nani alikitunza huwekewa pingamizi, na kikikataliwa kesi inaweza kufa hapo hapo.

Shauri la Escrow la Tegeta, la mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu, lilifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, Juni 2017. Mwaka 2021 mshtakiwa mmoja alimalizana na Serikali kwa makubaliano ya kukiri kosa, mwingine akafutiwa mashtaka. Ushahidi wenyewe wananchi hatukuusikia mahakamani, na hilo linauma kuliko hata ile miaka minne.

Marekebisho ya sheria ya 2022 yalizuia kufungua mashtaka kabla ya upelelezi kukamilika, ila yakayaacha nje makosa makubwa. Anayedaiwa kuiba simu Soko la Majengo kesi yake inatakiwa ifike mahakamani ikiwa imeiva. Ya mabilioni ya umma inaruhusiwa kufika mbichi.

Naomba Bunge liweke ukomo wa muda kwa kesi hizi pia. Na kila zinapoahirishwa, upande wa mashtaka utaje mbele ya watu ni waraka gani unaosubiriwa, kutoka ofisi gani, na uliombwa tarehe ngapi.

Msomaji wenu,
Area C, Dodoma